Gundi za Miti Kama Kiunganishi cha Tembe za Dawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa famasia, na wakusanyaji wa gundi wanaotaka kujua mzigo wao unakwenda kufanya kazi gani, na mara nyingine na wagonjwa waliosoma maandishi madogo kwenye boksi la dawa. Mfano unaorudi mara kwa mara ni gundi ya mgunga, ambayo ndiyo kongwe na inayofahamika zaidi katika kazi hii, na baada yake gundi ya mkorosho, ambayo bado inatafuta nafasi yake.

Kiunganishi ni kitu gani, na kwa nini tembe inakihitaji?

Tembe ni unga uliobanwa kati ya vyuma viwili mpaka ukashikamana. Upo unga unaokubali kubanwa bila msaada, lakini dawa nyingi hazina tabia hiyo. Parasetamoli hutumiwa sana katika kufundishia somo hili kwa sababu fuwele zake ni kaidi: zikibanwa hutii, na mara shinikizo linapoondolewa hujivuta kurudi zilivyokuwa, hivyo tembe inayotoka kwenye mashine huonekana nzima, lakini ukiigusa kwa ukucha sehemu yake ya juu inabanduka kama kifuniko. Kiunganishi ni kiambato kinachofunga chembe hizo pamoja ili tembe ivumilie kupakiwa, kusafirishwa na kutikiswa ndani ya kopo. Chenyewe hakitibu chochote, na hakitakiwi kuzuia kinachotibu.

Gundi ya mti ni utomvu wowote unaoganda kwenye gome?

Hapana, na hapa ndipo wengi huanza kukosea. Mti unaweza kutoa gundi, ambayo ni aina ya sukari zilizoungana katika minyororo mirefu na ambayo huyeyuka au huvimba ndani ya maji. Au unaweza kutoa ulimbo wa jamii ya sandarusi, usiokubali maji hata kidogo bali huyeyuka katika mafuta au spiriti. Sandarusi iliyowahi kuuzwa nje kwa wingi kutoka Zanzibar na mrima katika karne ya 19 ilikwenda kutengenezwa vanishi, kwa sababu hiyo hiyo ya kukataa maji. Ubani na manemane viko katikati, kwani vina gundi, ulimbo na mafuta yenye harufu kwa pamoja, na kwa hiyo havifai kuunganishia tembe ya kawaida. Jaribio la kwanza ni rahisi: tia punje ndogo katika glasi ya maji jioni. Asubuhi punje ya gundi ya mgunga itakuwa imeyeyuka na kuyaacha maji yakiwa mazito kidogo na ya kunata, na punje ya sandarusi itakuwa imekaa chini kama kipande cha kioo, vilevile ulivyoiacha.

Gundi ya mgunga inatoka wapi?

Iliyo bora hutoka kwa mgunga ambao wataalamu wa mimea waliuita Acacia senegal kwa miaka mingi na sasa huuita Senegalia senegal. Mti huu humea katika ukanda mkavu unaokatiza Afrika kusini ya Sahara, na Sudan ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote, hasa kutoka Kordofan, ambako wenyeji huiita hashab. Msimu wa mvua ukiisha na majani yakianza kupukutika, mwishoni mwa mwaka, mkulima huchana kipande cha gome bila kuufikia mti wa ndani, kisha hurudi baada ya wiki kadhaa kuokota matone yaliyokauka yenye ukubwa wa kokwa. Uzito wa gundi hii katika biashara unaonekana katika jambo moja: Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo vya kiuchumi mwaka 1997, gundi ilipewa msamaha. Vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 viliwakumbusha wanunuzi hatari ya kutegemea chanzo kimoja.

Kenya nayo ina gundi yake, kutoka Turkana, Samburu, Isiolo, Marsabit na kaunti nyingine kavu za kaskazini, na sehemu kubwa yake huokotwa na wafugaji kutoka kwenye nyufa zilizojitokeza zenyewe au zilizoletwa na wadudu, badala ya kuchanjwa. Tanzania pia ina migunga hii katika mikoa ya kati.

Iko gundi ya pili, talha, itokayo kwa Acacia seyal. Ni nyeusi zaidi, huvunjika kwa urahisi na ina tanini nyingi zaidi, ile dutu kakasi ya magome. Zikichanganywa gunia moja jicho linaweza kudanganyika, lakini mwanga haudanganyiki: mmumunyo wa hashab hupindua mwanga uliopolaraizishwa, yaani uliochujwa utikisike upande mmoja tu, kuelekea kushoto, na wa talha kuelekea kulia.

Gundi hushikaje unga?

Chembe ya gundi ya mgunga imejengwa kwa sukari za galaktozi, arabinozi na ramnozi pamoja na asidi ya glukuroniki, ikiwa na chumvi za kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, na protini kidogo. Matawi yake ni mengi na mafupi, umbo la kichaka kuliko la kamba, na ndiyo maana unaweza kuyeyusha gundi nyingi katika maji machache bila kupata uji usiomiminika. Mmumunyo huo ukitiwa kwenye unga hupenya kati ya fuwele na kuzilowesha. Maji yakikauka huacha madaraja membamba magumu kati ya fuwele na fuwele. Tembe ikimezwa, maji ya tumbo huyeyusha madaraja yale yale. Kwa hiyo kinachofunga tembe ndicho kinachopaswa kuifungua, na maswali mengine yote kwenye ukurasa huu yanazunguka hapo.

Kiasi gani kinatosha, na kwa nini kisizidishwe ili tembe iwe imara?

Kwa gundi ya mgunga kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wa tembe. Chini ya hapo tembe hupukutika, na juu ya hapo huanza kufanana na kokoto.

Mwanafunzi anayetengeneza tembe kwa mara ya kwanza karibu siku zote huvutiwa na ugumu. Ameiangusha sakafuni haikuvunjika, ameibana kati ya vidole haikukatika, anaamini ameshinda. Kisha anaitia kwenye kifaa cha kupimia usambaratikaji, chenye vijichupa vilivyo wazi vinavyopanda na kushuka ndani ya maji ya nyuzi 37, na anasubiri. Tembe isiyo na ganda inatakiwa iwe imesambaratika ndani ya dakika 15. Nimewahi kukaa mbele ya kifaa hicho kutazama tembe zangu mwenyewe, zenye gundi maradufu ya nilivyoelekezwa, zikipanda na kushuka kwa dakika 40, zikiwa zimelainika ngozi ya nje tu na kuteleza kama peremende iliyonyonywa nusu. Mgonjwa mwenye homa angemeza kitu kile, na dawa ingechelewa kutoka wakati alipokuwa akiihitaji.

Gundi ikizidi huvaa fuwele ya dawa kama koti la kunata, na maji yanapofika hukutana kwanza na utando mzito kabla ya kuigusa dawa. Ndiyo maana katika fomula hiyo hiyo huwekwa pia kisambaratishi, mara nyingi wanga wa mahindi, ambao hunyonya maji, huvimba na kuisukuma tembe kutoka ndani. Gundi na wanga hufanya kazi mbili zinazopingana, na ustadi wa mtengenezaji ni kuviacha vipingane kwa kipimo.

Tembe hutengenezwaje kwa gundi, hatua kwa hatua?

Tuchukue zoezi la kufundishia la tembe 200 za parasetamoli ya miligramu 500, kila tembe ikiwa na uzito wa miligramu 600. Jumla ni gramu 120: parasetamoli gramu 100, wanga gramu 15.2, gundi gramu 3.6 ambayo ni asilimia 3, na magnesiamu steareti gramu 1.2 kama kilainishi. Hili ni zoezi la maabara chini ya mwalimu, wala si fomula ya mtu kwenda kujitengenezea dawa nyumbani.

Parasetamoli na nusu ya wanga huchanganywa vikiwa vikavu. Gundi huyeyushwa katika mililita 18 hivi za maji, ikapatikana shira yenye rangi ya asali iliyopauka, kisha humiminwa kidogo kidogo huku mchi ukikanda. Mwanzoni unga unapuuza maji, halafu unaanza kutengeneza madonge madogo, na ghafla sauti ya mchi inabadilika kutoka mkwaruzo hadi mlio mzito. Hapo simama. Chota kiasi, kifumbate kiganjani kama unayefinya tonge la ugali, kisha fumbua mkono na kulivunja tonge kwa kidole gumba. Likikatika vipande viwili safi, maji yametosha, likipukutika, bado, likinata kwenye kiganja, umeshapitiliza, na kuongeza unga mkavu wakati huo hakurudishi mambo yalivyokuwa. Zipo mashine za kupima nguvu ya mkorogo zinazofanya kazi hii viwandani, lakini sijaona mwalimu aliyeacha kufundisha jaribio la tonge.

Tonge lililokubalika hupitishwa kwenye chekeche lenye matundu makubwa, chembechembe hukaushwa kwenye tanuri la nyuzi 50 hadi 60 mpaka zibaki na unyevu wa asilimia chache tu, kisha huchekechwa tena kwa matundu madogo zaidi. Nusu ya wanga iliyobaki huongezwa sasa, na kilainishi huja mwisho kabisa na huchanganywa kwa muda mfupi, kwa sababu kina asili ya mafuta na kikichanganywa mno hufunika chembechembe na kuidhoofisha kazi ya gundi. Baada ya hapo ndipo mashine hubana.

Uimara wa tembe hupimwaje?

Mbali na usambaratikaji, hupimwa nguvu inayohitajika kuivunja, kwa kipimo cha niutoni, na hupimwa upukutikaji. Kipimo cha pili kina haki zaidi kwa sababu kinafanana na maisha ya tembe ndani ya kopo. Kwa tembe zetu za miligramu 600 huchukuliwa 11, ambazo ni gramu 6.6, hufutwa vumbi, hupimwa, huzungushwa kwenye pipa dogo mizunguko 100 kwa dakika 4, kisha hupimwa tena. Zikipoteza gramu 0.04, ambayo ni kama asilimia 0.6, zimepita. Zikipoteza gramu 0.08 zimevuka mpaka wa asilimia 1 na zimeanguka. Ikionekana hata moja imevunjika au imevua kofia, hesabu haina maana tena.

Je, gundi ya mkorosho inaweza kuchukua nafasi ya gundi ya mgunga?

Swali hili huulizwa sana na watu wa Mtwara, Lindi na Pwani, na lina msingi. Mkorosho uliojeruhiwa au kushambuliwa na wadudu hutoa gundi ya rangi ya kahawia ya dhahabu ambayo kwa kiasi kikubwa imeundwa kwa galaktozi, na kwa hiyo ni ndugu wa karibu wa gundi ya mgunga kwa tabia. Watafiti wa Brazili, ambako ndiko asili ya mti huu, na wa Nigeria wameichunguza kama kiunganishi na kuona kwamba baada ya kusafishwa hutoa tembe zenye uimara unaokubalika.

Neno la kuzingatia ni kusafishwa. Gundi ghafi ya mkorosho hubeba vipande vya gome na rangi za asili ambazo huitia tembe madoa, na haitakiwi kugusana kabisa na mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza ngozi kama kila aliyewahi kubangua kwa mkono anavyojua. Tena, gundi hii haimo katika famakopia, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, ya Uingereza wala ya Marekani, na hapo ndipo penye kikwazo kikubwa kuliko cha kikemia: mwenye kiwanda anayetaka kuitumia atatakiwa kuonyesha mwenyewe ushahidi wa usalama na uthabiti wake, ilhali akitumia ya mgunga anakuta vipimo vimeshaandikwa. Maoni yangu ni kwamba gundi ya mkorosho inastahili kazi hiyo ya utafiti, kwa kuwa mikorosho tayari imepandwa na wakulima wapo, lakini asiuziwe mkulima matumaini kabla ya vipimo.

Na bamia, kokwa za ukwaju au guar?

Ute wa bamia na unga wa kokwa za ukwaju vyote vimejaribiwa kama viunganishi, na vinafunga vizuri. Tatizo lao ni la kufunga kupita kiasi. Guar, inayosagwa kutoka mbegu za mkunde unaolimwa sana India na Pakistan, ina minyororo mirefu inayovimba na kuwa jeli nzito hata ikiwa asilimia 1 tu ndani ya maji. Jeli ya namna hiyo ikizunguka dawa huichelewesha. Kwa tembe ya maumivu hilo ni dosari, lakini kwa tembe inayotakiwa kuachia dawa polepole kwa saa nyingi ndiyo sifa yenyewe inayotafutwa, na huko ndiko gundi hizi zinakotumika kwa faida.

Gundi husafishwaje kabla ya kutumika?

Matone huchambuliwa kwa mkono kuondoa mchanga na magome, huyeyushwa katika maji, na mmumunyo huchujwa kwa kitambaa cha melimeli. Katika maabara hufuata ethanoli: ikimiminwa kwenye mmumunyo, gundi hujitenga kama pamba nyeupe iliyolowa, na rangi na uchafu mwingine hubaki kwenye kimiminika. Pamba hiyo hukaushwa kwa joto la wastani, husagwa na kuchekechwa. Anayeharakisha kwa kuongeza moto hupata gundi iliyogeuka kahawia na yenye nguvu pungufu. Viwandani gundi ya mgunga mara nyingi huchujwa, hupashwa moto kuua vijidudu na kukaushwa kwa kupuliziwa hewa moto, ikatoka unga mweupe unaoyeyuka haraka.

Ni salama kwa mlaji?

Gundi ya mgunga imekuwa kwenye chakula cha binadamu kwa muda mrefu na hutambulika kwenye vifungashio kwa namba E414, kwenye soda na peremende kama ilivyo kwenye dawa. Haimeng'enywi tumboni, huchachushwa na bakteria wa utumbo mpana kama nyuzinyuzi nyingine, na kiasi kilicho ndani ya tembe ni kidogo mno kuleta gesi. Mzio upo lakini ni nadra, na umeonekana zaidi kwa wafanyakazi wanaovuta vumbi lake kuliko kwa wagonjwa wanaoimeza gundi, wakiwemo mafundi wa mitambo ya uchapaji wa zamani walioipulizia kwenye karatasi na kupata pumu. Anayepima gundi avae barakoa.

Hatari iliyo karibu zaidi ni vijidudu, kwa kuwa gundi ni chakula chao na imeokotwa porini. Tembe iliyokamilika kwa kawaida haitakiwi kuzidi bakteria 1,000 na kuvu 100 kwa kila gramu, na haitakiwi kuwa na E. koli hata kidogo.

Je, ni halali kwa Mwislamu na inafaa kwa asiyekula nyama?

Gundi yenyewe hutoka kwa mti na haina kitu cha mnyama, tofauti na jelatini, ambayo ni kiunganishi cha zamani pia na huweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Lakini tembe ina viambato vingine, na magnesiamu steareti, kwa mfano, hutengenezwa ama kwa mafuta ya mimea ama ya wanyama, kwa hiyo jibu la tembe nzima anatakiwa kulitoa mtengenezaji.

Kuna dawa zisizopatana nayo?

Zipo. Gundi ya mgunga hubeba vimeng'enya vinavyosaidia uoksidishaji, na dawa zinazoharibika kwa njia hiyo, mofini ikiwa mojawapo, zinaweza kudhoofika au kubadilika rangi. Kuchemsha mmumunyo kwa muda mfupi kabla ya kuutumia huvizima vimeng'enya hivyo. Chumvi za feriki, yaani za chuma, huugandisha mmumunyo kuwa jeli, na ethanoli kali huitoa gundi kwenye maji kama tulivyoona katika kusafisha.

Kama gundi ni nzuri hivyo, kwa nini viwanda vingi hutumia povidoni na wanga?

Kwa sababu povidoni, kiunganishi kinachotengenezwa kiwandani, ya mwezi huu inafanana na ya mwezi uliopita. Gundi hubadilika kulingana na mti, udongo, msimu na mikono iliyoiokota, na mtengenezaji anayebana mamilioni ya tembe hapendi kurekebisha kipimo cha maji kila gunia jipya linapofunguliwa. Pia gundi inayokaa muda mrefu kwenye tembe inaweza kuendelea kuifanya ngumu, na usambaratikaji uliokuwa wa dakika 8 siku ya kwanza ukawa mrefu zaidi baada ya miezi ghalani. Haya yanadhibitika, lakini kwa gharama ya vipimo.

Nakusanya gundi. Kiwanda cha dawa kitaniuliza nini?

Kitauliza kwanza kama mzigo ni wa aina moja ya mti, kwa hiyo usichanganye magunia. Kisha kitapima unyevu, usiozidi asilimia 15, na majivu, yasiyozidi asilimia 4, kwa kuwa majivu mengi ni dalili ya mchanga. Kitatia tone la kloridi ya feriki kutafuta tanini na tone la aidini kuona kama kuna mtu aliyeongeza unga wa wanga, ambao hugeuka buluu papo hapo. Gundi iliyookotwa ikiwa kavu, ikaanikwa kivulini juu ya mkeka na sio chini, na ikawekwa kwenye gunia linalopitisha hewa, hupita vipimo hivi mara nyingi zaidi kuliko iliyotiwa kwenye mfuko wa plastiki ikiwa bado mbichi.

Mmumunyo wa gundi uliobaki unaweza kutumika kesho?

Kwa tembe, utengenezwe mpya kila siku. Ukikaa kwenye joto huanza kupoteza mnato kabla hata haujaonekana umeharibika, na siku inayofuata huwa na harufu ya uji uliochachuka. Kwa matumizi mengine huweza kuchemshwa kidogo na kutiwa asidi benzoiki asilimia 0.1 ili udumu. Unga mkavu uliofungwa vizuri mbali na unyevu hukaa muda mrefu, ila uchotwe kwa kijiko kikavu, hasa mwambao wakati wa masika, kwani gundi hunyonya unyevu wa hewa na kuwa bonge moja ambalo itabidi lipondwe na kupimwa upya.